Ferdinand de Lesseps: Suez ilimpa jina, Panama ikamfilisi

Mwishoni mwa mwaka 2023, meli za mizigo zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Sham, wafanyabiashara wa Mombasa na Dar es Salaam walioagiza bidhaa Ulaya walipata habari wasiyoipenda. Meli nyingi ziliacha kupita Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Siku za safari ziliongezeka, nauli nayo ikapanda. Kabla ya hapo, Machi 2021, ilitosha meli moja tu, Ever Given, kukwama kwa siku sita na kuziba njia yote.

Mara zote mbili watu wa biashara walikumbushwa jinsi wanavyotegemea mfereji mmoja uliochimbwa jangwani Misri na kufunguliwa mwaka 1869. Aliyesimamia uchimbaji wake alikuwa Mfaransa, Ferdinand de Lesseps. Hakuwa mhandisi wala hakuwa na benki. Alikuwa balozi mstaafu asiye na kazi.

Wengi wanaolijua jina lake wanalijua kwa Suez. Lakini miaka kumi baada ya ushindi huo mzee huyo alianzisha mradi wa pili, mfereji wa Panama, akaishia kufilisi kampuni nzima na kuwatia hasara Wafaransa wapatao 800,000 waliokuwa wamemkabidhi akiba zao. Kiongozi alikuwa yule yule, akitumia mbinu zile zile na kundi lile lile la marafiki. Kwa mtu anayepanga kununua malori kumi, au kuweka mfumo mpya wa kompyuta katika ofisi ya kutoa mizigo, tofauti kati ya miradi hiyo miwili inafaa kusomwa.

Mtoto mnene na sahani ya tambi

De Lesseps alizaliwa Versailles tarehe 19 Novemba 1805, katika ukoo wa wanadiplomasia. Baba yake, Mathieu, aliwahi kutumikia Misri wakati Muhammad Ali Pasha alipokuwa akijijengea madaraka, na msaada aliompa haukusahauliwa. Ferdinand alifuata kazi ya ukoo: Lisbon, kisha Tunis, na mwaka 1832 Alexandria.

Meli iliyompeleka Alexandria iliwekwa karantini. Kwa kukosa la kufanya, alisoma ripoti ya Le Père, mhandisi aliyefuatana na jeshi la Napoleon mwaka 1798, kuhusu uwezekano wa kuunganisha Mediterania na Bahari ya Sham. Ripoti hiyo ilikuwa na kosa kubwa. Ilidai kwamba Bahari ya Sham iko juu kuliko Mediterania kwa karibu mita 10, na kosa hilo liliwatisha watu kwa takriban nusu karne, mpaka upimaji wa mwaka 1847 ulipoonyesha kwamba tofauti ni ndogo mno.

Akiwa Misri alifanya urafiki na Said, mtoto wa Muhammad Ali. Kijana huyo alikuwa mnene, na baba yake alimwekea mazoezi makali na chakula kidogo. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikimbilia nyumbani kwa de Lesseps kula tambi kwa siri. Kama kweli ni tambi au la, urafiki huo ulikuja kuwa mtaji mkubwa kuliko fedha.

Mwaka 1849 alitumwa Roma kupatanisha, serikali yake ikageuza msimamo akiwa huko huko, naye akabebeshwa lawama. Aliacha kazi akiwa na umri wa miaka 43. Mwaka 1853 alifiwa na mkewe na mmoja wa wanawe. Mwaka uliofuata Said alirithi utawala wa Misri. De Lesseps alifunga safari mara moja, akafika Alexandria Novemba 1854, na tarehe 30 ya mwezi huo huo akawa na hati ya kuunda kampuni itakayochimba mfereji na kuuendesha kwa miaka 99 tangu kufunguliwa kwake.

Ni rahisi kudhani kwamba hapo kazi ilikuwa imekwisha. Kumbe ilikuwa bado kabisa. Misri ilikuwa chini ya Sultani wa Uturuki, na Sultani alisikiliza sana Uingereza. Waingereza nao walikuwa na reli yao Misri. Robert Stephenson, mhandisi mashuhuri aliyejenga reli ya Alexandria hadi Cairo, aliupinga mfereji waziwazi, na waziri mkuu Palmerston alifanya kila aliloweza kuuzuia. Mfanyabiashara yeyote aliyeona mvutano kati ya wenye malori na wenye reli kuhusu nani abebe kontena kutoka bandarini ataelewa haraka hali ilivyokuwa.

Hisa 400,000 ziliuzwa mwishoni mwa 1858, franka 500 kila moja, jumla franka milioni 200. Wafaransa walinunua zaidi ya nusu. Sehemu iliyotengwa kwa Waingereza, Warusi, Waaustria na Wamarekani haikupata wanunuzi. De Lesseps alimtwisha Said hisa zilizobaki, karibu 177,000, na Misri ikaanza kukopa ili kuzilipia. Deni hilo lilikuja kuigharimu nchi pakubwa.

Mradi uliobadilishwa katikati

Kazi ilianza tarehe 25 Aprili 1859 mahali palipoitwa baadaye Port Said. Mpango wa awali haukuwa wa mashine. Ulikuwa wa watu. Kwa makubaliano na Said, wakulima wa Misri walikusanywa kwa shokoa, kiasi cha 20,000 kwa wakati mmoja, wakibadilishwa kila mwezi. Maana yake ni kwamba wakati 20,000 wakichimba, wengine 20,000 walikuwa njiani wakienda na wengine kama hao wakirudi kwao. Vifaa vyao vilikuwa sururu na vikapu, na katika ziwa la Menzaleh wengine walizoa tope kwa mikono. Idadi ya waliokufa imebishaniwa hadi leo.

Maji ya kunywa yaliletwa kwa ngamia na mashua, mpaka mfereji mdogo wa maji matamu kutoka Nile ulipofika mji wa Suez Desemba 1863. Hapa de Lesseps na wahandisi wake wanastahili sifa. Walielewa kwamba bila maji hakuna kambi, na bila kambi hakuna kazi, hivyo mfereji huo mdogo ulitangulizwa kabla ya mkubwa kufika mbali.

Kisha Januari 1863 Said alifariki. Mrithi wake, Ismail, hakuupinga mfereji, lakini kwa msukumo wa Uingereza na Sultani aliondoa shokoa. Kampuni ilijikuta haina wafanyakazi, haina mpango, na fedha zikiwa zimeanza kupungua. Kwa meneja wa kawaida huo ungekuwa mwisho.

Mambo matatu yaliiokoa. La kwanza lilikuwa fedha. Mgogoro ulipelekwa kwa Napoleon III awe msuluhishi, naye Julai 1864 akaamua kwamba Misri iilipe kampuni fidia ya franka milioni 84. Mke wa Napoleon, Eugénie, alikuwa ndugu wa de Lesseps upande wa mama, kwa hiyo msuluhishi hakuwa mgeni kwake. Fidia hiyo ilitoka kwenye hazina ya nchi iliyokuwa tayari inadaiwa, na ndiyo iliyolipia mashine.

La pili lilikuwa mikataba. Mkandarasi mkuu wa mwanzo alikuwa ameondolewa mwaka 1863, na mhandisi mkuu wa eneo la kazi, Voisin, akaigawa kazi kufuatana na aina yake. Ndugu wa kampuni ya Dussaud walipewa gati za Port Said, wakazijenga kwa matofali makubwa ya mchanga na chokaa, kila moja likiwa na uzito wa tani 20 hivi, kwa sababu mawe hayakupatikana karibu. Couvreux alipewa mwinuko wa El Guisr. Mkandarasi kutoka Scotland aliyepewa sehemu ya kuchimba chini ya maji alishindwa, na sehemu yake ikaongezwa kwa Borel na Lavalley.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni hao Borel na Lavalley. Walikuwa wahandisi Wafaransa waliosoma udongo wa kila kipande kwanza, kisha wakaagiza mashine za kukifaa kipande hicho. Zilikuwepo mashine zenye mabirika ya chuma yaliyopandisha tope kutoka chini ya maji. Kwa sehemu ambazo kingo zilikuwa mbali, Lavalley alibuni mlizamu wa chuma wenye urefu wa hadi mita 70, ukimwaga tope moja kwa moja nje ya ukingo bila kuhitaji majahazi ya kulibeba. Mashine hizo zilipoingia kazini kwa wingi, sehemu kubwa ya udongo wote wa mfereji ilitolewa katika miaka michache ya mwisho. Kipindupindu kilizuka mwaka 1865 na kuwakimbiza vibarua wengi, lakini kazi haikusimama.

Kwa maneno mengine, mfereji uliofunguliwa mwaka 1869 haukujengwa kwa mpango wa mwaka 1859. Ulijengwa kwa mpango mwingine kabisa, uliotengenezwa na watu wengine, baada ya ule wa kwanza kuvunjika. De Lesseps alikuwa na busara ya kuwaachia wenye ujuzi wafanye kazi, huku yeye akitafuta fedha, akituliza wanasiasa na kutembelea maeneo ya kazi mara kwa mara. Hilo ndilo aliloonekana kulisahau baadaye.

Ufunguzi ulifanyika tarehe 17 Novemba 1869. Usiku wa kuamkia siku hiyo meli moja ya Misri ilikwama mferejini na ikabidi ikwamuliwe haraka kabla ya msafara, kwa hiyo Ever Given haikuwa ya kwanza kuleta kasheshe hiyo. Meli ya malkia Eugénie ilitangulia. Mfereji ulikuwa na urefu wa kilomita 164 na kina cha mita 8, na gharama ilikuwa imefika karibu franka milioni 433, zaidi ya maradufu ya mtaji wa mwanzo.

Siku nane baada ya sherehe, mzee wa miaka 64 alioa msichana wa miaka 21, Louise-Hélène, aliyemzalia watoto 12.

Ugomvi wa tani

Biashara haikuja kwa kasi iliyotarajiwa. Mwaka 1870 zilipita meli 486 tu. Meli za matanga ziliuona mfereji haufai, kwa kuwa pepo za Bahari ya Sham ni za taabu, na wenye meli za moshi walikuwa bado wachache. Hisa zilishuka chini sana ya bei ziliyouzwa.

De Lesseps alitafuta mapato mahali ambapo kila dereva wa lori anapajua: kwenye mizani. Ushuru ulikuwa franka 10 kwa tani, lakini hati haikusema wazi ni tani ipi. Mwaka 1872 kampuni iliacha kuhesabu tani zinazobaki kwa mzigo na kuanza kuhesabu ukubwa wa meli nzima, pamoja na chumba cha injini. Wenye meli walipiga kelele. Tume ya kimataifa ilikutana Istanbul mwaka 1873 na kuweka kanuni ya tani halisi ya Suez, pamoja na nyongeza ya ushuru ambayo ingepungua kadiri shehena inavyoongezeka. De Lesseps alikataa na kutishia kufunga mfereji. Serikali ya Misri ilipeleka askari, na mwaka 1874 akakubali. Hesabu maalum ya tani za Suez ingali inatumika kwenye mfereji huo.

Mwaka 1875 Ismail, akiwa amezama kwenye madeni, aliiuzia serikali ya Uingereza hisa za Misri kwa pauni milioni 4. Nchi iliyotoa ardhi, vibarua na fidia ilibaki bila hisa, na mwaka 1882 ikakaliwa na jeshi la Uingereza.

Pwani ya Afrika Mashariki iliuona mfereji mapema. Mwaka 1872 kampuni ya British India ya William Mackinnon ilianza safari za kila mwezi za meli ya barua kati ya Aden na Zanzibar, na kupitia Aden, Zanzibar ikaunganishwa na njia ya Suez. Mwaka 1890 iliundwa kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoleta meli kutoka Hamburg kupitia Suez hadi Tanga na Dar es Salaam. Mfereji ule ule uliorahisisha usafirishaji wa karafuu na pembe za ndovu ulirahisisha pia kuja kwa watawala wa kikoloni.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1880 hisa ya Suez iliyouzwa kwa franka 500 ilikuwa na thamani ya zaidi ya franka 2,000. Waliomwamini mzee tangu mwanzo walikuwa wametajirika. Waliokosa walikuwa wakisubiri nafasi nyingine.

Kura ya Paris

Nafasi hiyo ilikuja Mei 1879. De Lesseps aliitisha mkutano wa kimataifa jijini Paris, wajumbe 136, kuamua njia ya mfereji wa kuunganisha Atlantiki na Pasifiki. Yeye alitaka Panama, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Kolombia, na alitaka mfereji wa usawa wa bahari, bila malango ya maji, kama Suez.

Palikuwa na mhandisi mmoja, Adolphe Godin de Lépinay, aliyewahi kufanya kazi katika nchi za joto za eneo hilo. Alisimama na kupendekeza jambo jingine: mto Chagres uzuiwe kwa bwawa, lipatikane ziwa juu ya mlima, na meli zipandishwe na kushushwa kwa malango ya maji kama mtu anayepanda na kushuka ngazi. Wajumbe hawakumjali. Kura zilipopigwa, 74 waliunga mkono mfereji wa usawa wa bahari na wanane wakapinga. Wengine walijizuia au hawakuwepo ukumbini. Kati ya wale 74, wahandisi walikuwa 19 tu, na ni mmoja peke yake aliyewahi kufika Amerika ya Kati.

Karatasi ilionyesha kazi nyepesi. Panama ingekuwa na nusu tu ya urefu wa Suez, na tayari kulikuwa na reli ya kuvuka tangu 1855. Lakini mwinuko mkubwa wa Suez haukufika mita 20, wakati Panama palikuwa na mlima wa Culebra, ambako njia ilipaswa kukata kwenye kimo cha karibu mita 100. Suez kulikuwa na ukame, Panama mvua inanyesha kwa miezi minane. Mto Chagres ulikatiza njia yenyewe, na ungeweza kupanda kwa mita kadhaa kwa siku moja. Hakuna mashine ya Lavalley iliyokuwa imewahi kukutana na mlima unaoteleza.

De Lesseps alikwenda kuona mwenyewe, akafika mwisho wa Desemba 1879, wakati kiangazi kinaanza. Aliyaona mazuri. Tume yake ya wahandisi ilikadiria gharama ya franka milioni 843. Akiwa njiani kwenda New York aliipunguza kwa kalamu yake hadi takriban milioni 658, bila kupima upya hata mita moja ya udongo. Wakandarasi Couvreux na Hersent, wa kwanza akiwa yule yule wa Suez, walitoa makadirio ya milioni 512, nayo yakatangazwa kwa furaha.

Pengine hapa ndipo mradi ulipokufa, kabla ya sururu ya kwanza. Makadirio yalikuwa yameacha kuwa kipimo cha kazi na kugeuka tangazo la kuuzia hisa. Desemba 1880 watu zaidi ya 100,000 waligombea hisa 600,000 za franka 500, na maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara mbili. Kampuni ilikuwa na gazeti lake lililotoka mara mbili kwa mwezi, likiripoti kwamba kila kitu ni shwari. Magazeti mengine yalilipwa yaseme hivyo hivyo.

Wachimbaji wa kwanza walifika mwanzoni mwa 1881. Mwishoni mwa 1882 Couvreux na Hersent walijitoa. Walikuwa wameiona kazi ilivyo. Badala ya kuuliza kwa nini mkandarasi mzoefu anaukimbia mkataba mkubwa kama huo, Paris iliamua kuigawa kazi kwa wakandarasi wadogo wengi, ambao baadaye walifika karibu mia moja. Kila mmoja aliagiza mashine zake, Ufaransa, Ubelgiji au Marekani. Vipuri havikuingiliana. Reli za kubebea udongo zilikuwa za vipimo tofauti. Mwenye kampuni ya usafirishaji aliyewahi kununua malori ya aina tano kwa sababu kila moja lilikuwa la bei nafuu siku hiyo anajua gereji yake ilivyokuwa.

Udongo nao ulikataa kumalizika. Makisio ya mwaka 1880 yalikuwa mita za ujazo milioni 75. Mwaka 1883 mkurugenzi mkuu mpya, Jules Dingler, aliyapandisha hadi milioni 120. Kule Culebra kila mvua iliporomosha kingo, na kilichochimbwa kiangazi kilirudi masika.

Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa watu. Homa ya manjano na malaria viliua bila kuchagua. Dingler alikwenda na familia yake yote. Alimzika binti yake Januari 1884, kisha mwanawe, kisha mkewe, akarudi Ufaransa mtu aliyevunjika. Wakati huo sayansi ilikuwa haijajua kwamba mbu ndiye mwenezaji, kwa hiyo hospitali nzuri iliyojengwa na kampuni iliweka miguu ya vitanda ndani ya vyombo vya maji ili kuzuia sisimizi, na kumbe humo ndimo mbu walimozaliana. Waliokufa katika miaka ya Wafaransa wanakadiriwa kufikia 20,000, wengi wao vibarua weusi kutoka Jamaika na visiwa jirani.

De Lesseps aliuendesha mradi akiwa Paris. Kwa miaka yote minane alikwenda Panama mara mbili tu, ya pili ikiwa Februari 1886 akiwa na miaka 80, akipanda farasi na kushangiliwa. Mwaka huo huo mhandisi wa serikali, Armand Rousseau, aliandika ripoti iliyoonyesha kwamba mfereji wa usawa wa bahari hauwezekani kwa fedha na muda uliobaki. Wahandisi wa kampuni walikuwa wakisema hivyo pia. Mzee alishikilia neno lake kwa zaidi ya mwaka mwingine, na kila mwezi wa ukaidi huo ulilipwa kwa hati fungani mpya zenye riba nzito zaidi.

Aliposalimu amri mwishoni mwa 1887 na kukubali malango ya maji, alimkabidhi kazi hiyo Gustave Eiffel, aliyekuwa wakati huo huo akijenga mnara wake Paris. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila umechelewa. Mwaka 1888 bunge liliruhusu kampuni iuze hati za mkopo zenye bahati nasibu, na hazikununuliwa za kutosha. Tarehe 4 Februari 1889 mahakama ilimteua mfilisi. Zaidi ya franka bilioni 1.3 zilikuwa zimekwenda.

Mahakamani

Miaka mitatu baadaye ilifichuka kwamba ruhusa ile ya bunge ilikuwa imenunuliwa kwa hongo. Wabunge na wenye magazeti walitajwa, serikali zikayumba. Februari 1893 de Lesseps na mwanawe Charles walihukumiwa miaka mitano jela kwa udanganyifu na usimamizi mbaya, na Eiffel miaka miwili. Mahakama ya juu ilifuta hukumu hizo Juni mwaka huo kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Mzee hakufika mahakamani. Akili zilikuwa zimemtoka, na inasemekana jamaa zake walimpa magazeti ya zamani ili asisome habari zake. Charles, ambaye alikuwa amemshauri baba yake tangu mwanzo asijiingize Panama, ndiye aliyeonja jela.

Ferdinand de Lesseps alifariki tarehe 7 Desemba 1894, akiwa na miaka 89.

Wamarekani waliochukua Panama mwaka 1904 nao walianza kwa fujo, wakitaka udongo uonekane ukitoka. Mhandisi wao wa pili, John Stevens, alisimamisha uchimbaji. Alijenga nyumba, akatandika upya reli ya kubebea udongo, akampa daktari William Gorgas watu na vifaa vya kuangamiza mbu, kisha ndipo akaanza. Mwaka 1906 Marekani iliamua kutumia malango ya maji na bwawa kwenye mto Chagres, mpango unaofanana sana na ule wa Godin de Lépinay. Meli ya kwanza rasmi ilipita tarehe 15 Agosti 1914.

Port Said, sanamu kubwa ya de Lesseps ilisimamishwa mwaka 1899, mkono ukielekeza meli mferejini. Julai 26, 1956, Gamal Abdel Nasser akihutubia Alexandria alilitaja jina la de Lesseps mara kadhaa. Jina hilo ndilo lililokuwa ishara kwa watu wake kuingia na kutwaa ofisi za kampuni ya mfereji. Desemba mwaka huo, baada ya vita, wananchi waliilipua sanamu, na msingi wake ukabaki mtupu mbele ya meli zinazopita.